Mwenye Nyumba wa Chumba cha Kumi

Mwenye nyumba wetu alikuwa mwalimu wa udereva, na kwa miaka mingi hakuna aliyemwita kwa jina jingine ila Bwana Klachi. Ndilo neno alilolisema kutwa nzima akiwa upande wa abiria, mguu juu ya ile breki ya pili ambayo magari ya shule huwekewa ili mwalimu asife kwa makosa ya mwanafunzi. "Klachi. Klachi kwanza. Mama, nimesema klachi." Mkewe alisema hata usingizini alikuwa akikanyaga godoro.

Alikuwa na mshahara mdogo usiokosa. Alikuwa na nyumba ya vyumba vitatu, yenye ukuta na geti, waliyoijenga na mkewe kwa miaka mingi, tofali kwa tofali, bila kumkopa mtu. Mkewe tulimwita Mama Vitambaa, kwa sababu ya duka lake la vitambaa na nyuzi karibu na stendi, duka lisilopendeza machoni lakini lililosomesha watoto watatu. Ukiwaona wawili hao jioni wamekaa barazani kwao ungesema hawa wameshafika. Kasoro ni kwamba Bwana Klachi hakuwa amearifiwa.

Nayajua haya kwa kuwa mimi ni fundi simu, na nilipanga kwake tangu rangi haijakauka. Mengine niliyaona. Mengine nilisimuliwa na Mama Vitambaa, ambaye hajawahi kuficha jambo linalomwaibisha mumewe. Na mengine niliyasikia ukutani, kama utakavyoona.

Balaa liliingia kwenye gari lake likiwa limevaa suti. Mtu mmoja wa makamo, viatu vinang'aa, alikuja kujifunza kuendesha. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha watu utajiri kwenye kumbi za kukodi, kwa kiingilio. Mwalimu huyo wa utajiri hakuwa na gari, na ada ya udereva alikuwa akiilipa nusu nusu, lakini Bwana Klachi hakuona ajabu yoyote hapo. Kila waliponasa kwenye foleni, mwanafunzi alimgeukia.

"Mwalimu, unaamka alfajiri kila siku kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili ya mshahara."

"Basi unafuata pesa. Tajiri hafuati pesa, pesa zinamkuta amelala. Jenga vyumba kwa hela ya benki, mpangaji alipe deni kwa jasho lake, nyumba ibaki yako. Wewe kazi yako ni kuzeeka tu."

Kuzeeka Bwana Klachi alikuwa ameshaanza, kwa hiyo aliona nusu ya kazi imeshafanyika. Walikuwa na kiwanja kitupu mtaa wa pili, urithi wa mama yake. Akakaa chini akapiga hesabu: vyumba kumi, mara kodi ya mwezi, mara miezi kumi na miwili. Ilikuwa hesabu nzuri kama nini. Humo kila chumba kilikuwa na mtu mwaka mzima, kila mtu alikuwa na kazi, hakuna aliyeugua, bomba halikupasuka na mvua ilinyesha kwa majirani. Alimwonyesha mkewe, naye akaitazama kwa muda kama mtu anayeonyeshwa picha ya mchumba ambaye hajawahi kuonana naye.

"Na huyu anayekaa bure yuko wapi?" akauliza.

"Nani anakaa bure?"

"Sijui bado. Lakini nawajua ndugu zako."

Benki walipokelewa na afisa mikopo, binti mpole wa kuongea polepole. Naye alikuwa na maswali yake.

"Baba, katika vyumba kumi, umekadiria vingapi vitakaa vitupu?"

"Hata kimoja. Najengea watu, binti yangu, sijengei panya."

"Na matengenezo?"

"Nyumba mpya itengenezwe nini?"

Binti akatabasamu, akaendelea kuandika. Benki ilikuwa imeshaomba hati ya ile nyumba yao ya vyumba vitatu iwe dhamana, na ile nyumba ilikuwa na thamani kupita mkopo wenyewe. Mtu mzima akikuletea nyumba yake mkononi, huna sababu kubwa ya kumsahihisha hesabu.

Hati ilitaka sahihi ya mke pia. Mama Vitambaa alishika kalamu, asiandike.

"Nitatia sahihi. Lakini kazi huachi."

"Nani kasema naacha?"

"Uso wako."

Akaapa. Mkewe akatia sahihi. Kuta zilipofika usawa wa madirisha, Bwana Klachi aliacha kazi. Aliwaaga walimu wenzake kwa hotuba inayowakera mpaka leo. Aliwaambia kwamba anawahurumia, wamelala. Akanunua miwani isiyo na namba na kofia ya pama, akawa anasimama kwenye kiwanja mikono nyuma, akiwaangalia mafundi wakipoteza saruji yake.

Mkopo ulikuwa umempa miezi michache ya kupumua kabla ya kuanza kulipa. Kwenye hesabu yake muda huo ulitosha kumaliza jengo na kula kodi ya mwezi wa kwanza. Kwenye kiwanja mambo yalikwenda vingine. Saruji ilipanda bei. Fundi mkuu alipata kazi ya mtu mwenye pesa zaidi, akawa anakuja siku moja kwa juma, na siku hiyo akija anaulizia chakula. Marejesho ya kwanza yalifika vyumba havina milango. Bwana Klachi hakuwa na mshahara tena, wala hakuwa na mpangaji, kwa hiyo benki ililipwa na vitambaa: duka la mkewe likaanza kupungua, rafu moja moja, mpaka wateja wakawa wanauliza kama anahama.

Kukopa harusi, kulipa matanga. Wahenga walisema hivyo, lakini wahenga hawakuwahi kuhudhuria semina.

Mimi nilihamia mwezi rangi ilipopakwa. Chumba cha tisa. Alinipokea getini kwa miwani na kofia, akanipa masharti kwa sauti ya hakimu: miezi mitatu mbele, na amana ya mwezi mmoja nitakayorudishiwa nikihama. Wengine wakafuata. Miongoni mwao walikuwa muuguzi wa zamu, makanika na mkewe, wanafunzi wanne wa chuo waliogawana vyumba viwili, mama mmoja muuza mayai, na mlinzi wa ghala aliyelala mchana na kutuchukia sote kwa kuwa macho. Chumba bora kuliko vyote, cha kumi, chenye madirisha mawili na choo chake ndani, alipewa binamu yake Bwana Klachi. Binamu alikuwa ametoka kupoteza kazi, au alikuwa mbioni kuipata, habari zilibadilika.

"Utalipa mambo yakikaa sawa," Bwana Klachi alimwambia mbele yetu, kwa ukarimu mkubwa.

Mambo hayakukaa. Binamu ndiye aliyekaa.

Mwezi ule wa kwanza Bwana Klachi alishika pesa nyingi kwa mpigo kuliko alivyowahi kushika maishani: kodi za miezi mitatu za vyumba tisa, na amana zake juu. Ungemweleza nini mtu huyo? Alinunua seti ya makochi yenye mgongo mrefu kama kiti cha askofu. Alinunua suti. Alimpelekea mwalimu wa utajiri zawadi ya shukrani, yeye ambaye hata ada ya udereva hakuwa amemaliza. Kwamba kodi ya mwezi wa pili na wa tatu alikuwa ameshaila, na kwamba amana hazikuwa zake, ni mambo yaliyomjia baadaye, na yalimjia yote siku moja.

Siku hiyo chuo kilifungwa. Wanafunzi wanne walifungasha, wakasimama getini wakidai amana. Bwana Klachi aliwaambia wasubiri, akamtafuta mpangaji mpya, akachukua amana yake, akawapa wawili. Wawili wengine walikaa juu ya mabegi yao hadi jioni, wakamzomea alipopita, ndipo Mama Vitambaa akatoa pesa za mauzo ya siku. Mpangaji mpya akaingia chumba kimoja, cha pili kikakaa kitupu likizo nzima. Panya, sina budi kusema, walihamia bila kulipa amana.

Kisha shimo la choo likajaa. Lilikuwa limechimbwa fupi kwa kuokoa gharama, na watu kumi na zaidi si mchezo. Tulinusa wiki nzima kabla lori la kunyonya halijaja, kwa sababu dereva wa lori alitaka pesa kwanza. Wiki iliyofuata pampu ya maji ikaungua. Kila kitu kikiharibika, Bwana Klachi alitutumia ujumbe kwenye simu, ulioanza "Ndugu wapangaji wangu wapendwa" na kuishia kwa kutuomba tuchangie.

Lakini kilichommaliza hakikuwa shimo wala pampu. Kilichommaliza ni tarehe. Benki ilimkata tarehe mosi. Sisi tulilipwa mishahara yetu mwisho wa mwezi au siku za mwanzo, tukalipa kodi tulipojisikia, yaani kati ya tarehe tano na kumi na tano, na makanika alipopata gari la kutengeneza. Kwa hiyo kila mwezi Bwana Klachi alikuwa na pesa ambazo hazijafika, na deni lililofika. Akawa anaziba mwanya kwa mikopo ya simu, ile ya kubonyeza ukapata na kubonyeza ukajuta. Kodi yetu ikija inalipa simu. Tarehe mosi ikija, anabonyeza tena.

Asubuhi moja alinijia kwenye meza yangu ya kazi, akakaa kwenye stuli ya wateja bila kofia.

"Fundi, nina ofa kwa ajili yako peke yako. Ukinilipa miezi sita leo, nakupunguzia mwezi mmoja."

Nilimuuliza kama ana hakika. Alisema mfanyabiashara lazima ajue kusukuma mzunguko. Nikamlipa, nilikuwa nimeweka akiba ya kununua mashine mpya ya kulehemu, na kwa punguzo lile nikajua mashine nitaipata na chenji juu. Baadaye niligundua kwamba ofa yangu ya peke yangu alikuwa amepewa pia muuguzi, mlinzi, na mama wa mayai. Tulifurahi sote. Bwana Klachi alilipa benki miezi miwili, akalipa simu, na kwa miezi minne iliyofuata nyumba yake ilikuwa imejaa watu waliomwamkia kwa heshima na wasiomdai wala kudaiwa chochote. Sijapata kuona mtu mwenye wapangaji wazuri hivyo akiwa na hali mbaya hivyo.

Alianza kuwakimbia watu. Simu ya benki ikiita anaipa mgongo. Jumapili moja wageni walimkuta amekaa kwenye makochi yake, suti mwilini, akimshauri mpwa wake kuhusu uwekezaji, na mtu wa kukata umeme yuko nje anapanda nguzo. Mpwa aliuliza mbona taa zimezimika. "Mchana huhitaji taa," Bwana Klachi akajibu, "hiyo ndiyo nidhamu ya fedha."

Barua ya benki iliyosema nyumba ya dhamana itapigwa mnada haikumfikia yeye. Ilipelekwa dukani kwa Mama Vitambaa, kwa kuwa ndiye aliyepatikana. Aliisoma, akaikunja, akafunga duka mchana kweupe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata kwa msiba. Alimkuta mumewe anaoga. Akamngoja mlangoni.

"Vaa. Tunakwenda benki."

"Wacha kwanza nijipange, mke wangu. Nina mpango na mtu fulani."

"Mpango wako nimeushika hapa. Vaa shati la kawaida. Ile suti wataihesabu."

Afisa mikopo alikuwa yuleyule. Hakuwacheka. Alisema jambo moja tu lililomuuma Bwana Klachi kuliko kucheka: "Mngekuja ule mwezi wa kwanza mliokwama, hili lingekuwa jambo la kawaida." Mama Vitambaa akauliza linalowezekana sasa. Deni lingeweza kunyooshwa kwa miaka mingi zaidi, malipo ya mwezi yapungue, ingawa jumla ya riba ingekua. Tarehe ya makato ingeweza kusogezwa. Lakini malimbikizo lazima yalipwe kwanza, na benki ilitaka kuona pesa itatoka wapi.

"Itatoka nyumbani kwetu," Mama Vitambaa alisema. "Tunaipangisha."

Bwana Klachi aligeuka kumtazama kana kwamba amesikia gari likizima mlimani.

"Na sisi tutakaa wapi?"

"Si una vyumba kumi?"

Ile nyumba ya vyumba vitatu yenye geti ikachukuliwa na daktari mmoja na familia yake, waliolipa mwaka mzima mbele. Pesa ile ilifuta malimbikizo, ikafuta simu zote, ikabaki kidogo. Kumtoa binamu chumba cha kumi kulichukua asubuhi moja. Bwana Klachi alikuwa amejaribu mara nyingi na kila mara aliishia kumpa nauli. Mama Vitambaa alimpelekea chai, akakaa kitandani kwake, akamwambia kwa upole, "Shemeji, kuanzia kesho mimi na kaka yako tunalala hapa. Ukipenda baki, lakini katikati nitalala mimi." Binamu alipata kazi siku hiyohiyo, mji mwingine.

Makochi ya askofu hayakupita mlangoni. Walijaribu kwa ubavu, wakajaribu kwa mgongo, makanika akashauri yakatwe miguu. Yakalala uani chini ya turubai, kuku wa mama wa mayai wakayapenda sana, na mwishowe yakauzwa kwa bei ninayoona haya kuitaja.

Hivi ndivyo mwenye nyumba alivyokuwa jirani yangu. Ukuta kati ya chumba cha tisa na cha kumi haukufika juu. Fundi mkuu aliukomesha kwenye usawa wa dari, na dari yenyewe ilikuwa ubao mwembamba. Bwana Klachi mwenyewe ndiye aliyeridhia hivyo ili kuokoa tofali. Sasa nilimsikia akigeuka kitandani. Wageni aliwaambia amehamia pale "ili kuwa karibu na mradi". Usiku wa kwanza maji yalipokatika, mradi ulimsogelea kweli: choo chake kiligoma, akapanga foleni na ndoo pamoja nasi kwenye bomba la uani, nyuma ya mlinzi, ambaye hakumpisha.

Nikiwa nimelala nilimsikia akisema kwa sauti ya chini, "Umenidharau mbele ya watu."

"Nimekudharau wapi?"

"Benki. Na binamu. Na wapangaji wananicheka, na walimu wenzangu pia."

Nikajizuia kukohoa.

"Walimu wanakucheka kwa sababu uliwaambia wamelala," mkewe akasema. "Mimi sikucheki. Mimi nilitia sahihi. Nilijua utaacha kazi, nikatia sahihi hivyohivyo, kwa kuwa ulikuwa na furaha na nilichoka kuwa mtu wa kusema hapana. Sasa lala. Kesho unakwenda kumwona mwenye shule ya udereva."

"Siwezi kurudi pale. Nimewahutubia."

"Utarudi na hutahutubia."

Alirudi. Mwenye shule alimpokea kwa mshahara pungufu na kumpa gari bovu kuliko yote, na walimu wenzake kwa miezi mizima walimsalimia, "Umeamkaje, tajiri?" Alivumilia. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na yeye alikuwa ameyavulia suti.

Mama Vitambaa alishika nyumba, na hapo ndipo nilipoacha kucheka. Alifungua akaunti ya kodi peke yake, isiyochanganyika na duka wala mfuko wa mumewe. Amana zetu aliziweka pengine tena, akasema hizo ni pesa za watu, kwetu zinalala tu. Kila mwezi alitenga kodi ya chumba kimoja kana kwamba hakina mtu, na ya nusu chumba kwa ajili ya kitu kitakachoharibika, na kweli kiliharibika. Tarehe ya benki ikasogezwa hadi kumi. Yetu ikawa tano, bila mjadala. Ule mkataba wangu wa punguzo ulipokwisha, alikuja mwenyewe mezani kwangu.

"Fundi, kodi inapanda."

Nilimkumbusha kwamba mimi ni mpangaji wa tangu rangi haijakauka, sijawahi kuchelewa, na mumewe ananihesabu kama mdogo wake.

"Ndiyo," akasema. "Na ukuta wako ndio unaosikia siri zetu zote. Hiyo nayo ni huduma, na sijakutoza."

Nikalipa. Muuguzi alinung'unika, akalipa. Makanika alihama, na alirudishiwa amana yake yote. Aliihesabu mara mbili akidhani kuna mtego.

Mwaka wa pili daktari aliomba kuendelea na ile nyumba, kwa bei ya juu zaidi. Bwana Klachi alitaka warudi kwao. Mkewe akamuuliza kama barazani kwao palikuwa pakimlipa. Wakabaki chumba cha kumi, na sasa wameweka pazia zito kwenye upande wangu, kwa hiyo habari zangu zimepungua.

Hivi majuzi nilikuwa nikimrekebishia simu yake, iliyoingia maji kwenye gari la shule, nikamuuliza swali ambalo nilikuwa nimelikalia muda mrefu. Ukitoa benki, ukatoa maji na umeme wa uani, ukatoa ile akiba ya mama na matengenezo, nyumba inamwachia kiasi gani kwa mwezi.

Alifikiri kwa unyofu, midomo ikihesabu.

"Inaniachia viatu," akasema.

"Viatu kila mwezi si haba, mzee."

"Si kila mwezi," akasema. "Mwezi mmoja cha kulia, mwezi unaofuata cha kushoto."

Akavaa kofia yake, ile ya pama, sasa imepauka, akaenda kazini. Deni litakwisha akiwa na miaka sitini na minane, na kwa wakati huo, ameniambia fundi bati, paa litakuwa linataka kubadilishwa.